Wiki ya Litungu Bungoma, na Mama Mkwe Kiti cha Mbele

Wacha niwaambie mapema kitu ilinitoa Kitale wiki hiyo, kwa sababu watu wa hapa Kipsongo wameeneza ati nilikimbia. Sikukimbia. Nilienda kucheza litungu. Kukimbia kulikuja baadaye, na nilikimbia vizuri sana, mtaona.

Mwaka huo simu za tochi ndio zilikuwa zimeingia, na mwenye alikuwa nayo alikuwa anamulika hata saa sita mchana. Redio ikatangaza ati Bungoma kutakuwa na wiki moja ya muziki, wanamuziki wakicheza wenyewe mbele ya watu, Jumatatu mpaka Jumamosi, kila alasiri mahali pake. Halafu Jumamosi, kwa uwanja, mtu wa redio mwenyewe atachagua kikundi kimoja aende nacho studio kurekodi kaseti.

Mimi na Kamau tumecheza pamoja miaka saba. Kamau ni Mkikuyu wa hapa Trans-Nzoia, babake alikuja kulima akakaa. Anapiga gitaa vizuri mpaka ng'ombe inasahau kutafuna, lakini akiimba Kibukusu ni kama mtu ameweka kiazi moto kwa mdomo. Tumecheza harusi, tumecheza matanga, tumecheza siku ya kufungua kinu cha unga. Kaseti? Hata nusu hatuna.

Jumapili bibi yangu Nekesa akasimama kwa mlango, mikono kiunoni.

"Wekesa, nimengoja miaka saba. Nakupatia hii wiki moja. Ukirudi bila kaseti, hiyo litungu naweka nyasi ndani, kuku itagie hapo. Na wewe unaenda kwa kinu cha kaka yangu kubeba magunia."

Nikaangalia kuku. Kuku ikaangalia litungu polepole, juu mpaka chini, kama mtu ameonyeshwa shamba ya kununua.

Jumatatu, jua bado halijaamka, tukapanda lori ya kabichi. Hiyo lori ilikuwa imejaza mpaka sisi juu tulikuwa tunainama kupitisha mawingu. Mimi nimekumbatia litungu. Kama wewe ni mgeni wa hii chombo, ni bakuli ya mti imewambwa ngozi, mikono mbili zinapanda juu, mti mmoja unalala kwa hizo mikono, na kamba saba zinatoka kwa ngozi mpaka kwa huo mti. Ukitaka kukaza kamba, unaizungusha pale juu na kipande ya nguo ndio isiteleze. Kumbuka hiyo nguo.

Tukapita Kiminini, tukapita Kamukuywa, Kamau analala juu ya kabichi kama mfalme. Webuye tukaipata na pua kabla ya macho, ile harufu ya kiwanda cha karatasi. Dereva akatoa kichwa nje akatuuliza, "Nyinyi huko juu, nani amefungua viatu?"

"Si sisi, ni karatasi!" Kamau akamwambia.

"Basi mwambie karatasi ivae!"

Saa nne tukashuka Bungoma. Sasa sikiza, kama unataka kwenda wiki kama hiyo: usishuke lori mahali boda boda wamejaa. Baiskeli arobaini zilikuja kwangu mara moja. Mmoja akabeba mimi, mwingine litungu, mwingine Kamau, wa nne akabeba kabichi moja hatujui ya nani, na kila mmoja akaenda njia yake. Tulikutana tena sote kwa nyumba ya Senge Nasimiyu, karibu na reli, na kabichi ilitangulia kufika.

Senge ni dada ya babangu. Akatoka jikoni, akaona litungu, akashika kichwa.

"Kalibuni! Uuu, nani amekufa?"

"Hakuna mtu amekufa, Senge. Tumekuja kucheza kwa hiyo wiki ya muziki."

"Kwani watu siku hizi wanaletewa litungu na wako hai?" Akafurahi mpaka akapika ile kabichi.

Jumatatu alasiri ilikuwa sokoni. Siku ya soko, nakushauri, simama upande wa mitumba, kwa sababu upande wa nyanya watu wakicheza unatoka ukiwa mchuzi. Jukwaa lilikuwa trela ya trekta. Watu walijaa mpaka wengine walikuwa wamekanyaga kivuli tu, ardhi imeisha. Yule mtu wa redio amekaa pembeni na miwani nyeusi na kitabu kidogo cha kuandika.

Tukaanza. Mimi nikicheza litungu siwezi kukaa kama gunia, lazima kamabeka, ile ngoma ya mabega. Mabega yangu yakianza, shati inaomba ruhusa. Watu wakapiga kelele mpaka nafikiri Malaba walifunga mpaka wa Uganda wakifikiri ni vita. Nikafunga macho kwa utamu, nikafungua. Na mbele yangu kabisa, hatua nne hivi, leso ya manjano, kikapu kwa mkono, nani? Mama ya Nekesa. Mama mkwe wangu mwenyewe, mwenye anakaa huko huko Bungoma.

Sasa, wenye si Wabukusu wataniuliza, si umsalimie? Wewe! Kwetu mama mkwe hushiki mkono. Huli mbele yake. Mkikutana njiani, mmoja anaingia kwa mahindi. Miaka tisa nimeoa mtoto yake, nikiulizwa rangi ya macho yake siwezi kusema. Na kutingiza mabega mbele yake? Heri nitembee uchi mjini Kitale, huko watasema ni wazimu tu.

Macho yetu yakagongana. Yeye akavuta leso akafunika uso. Mimi nikaruka. Sikushuka kwa ngazi, niliruka na litungu yangu, nikapita juu ya mama wa dagaa, nikatua nyuma ya magunia ya vitunguu, na nikakaa hapo nikilia, si huzuni, ni vitunguu. Watu wakapiga makofi wakifikiri ni sehemu ya wimbo. Kamau akabaki peke yake juu ya trela, na Kibukusu chake cha kiazi moto. Mtu wa redio akaandika neno moja kwa kitabu.

"Ameandika nini?" nikamuuliza Kamau jioni.

"Ameandika 'hawakumaliza'. Wekesa, bana, umekimbia mama mzee!"

"Ni mama mkwe."

"Na si ni mama? Kwetu mama mkwe unamsalimia, unamnunulia sukari, mnaongea."

"Kwetu unaruka."

Jumanne ilikuwa kando ya stesheni ya reli. Ikanyesha mvua ya Bungoma, ile haikuanguka, ilitupwa. Nenda na gumboti. Nikaona mtu amesimama mahali pamoja akisikiza wimbo mbili, wakati wa kuondoka kiatu ikabaki ikisikiza ya tatu.

Safari hii nilikuwa na akili. Nikamtuma Kamau mbele. "Enda uangalie watu wote. Mama mnene, leso ya manjano. Ukimwona, njoo uniambie, tuombe tucheze saa ingine."

Kamau akaenda, akarudi amefurahi. "Leso ya manjano hakuna hata moja. Twende!"

"Uko na hakika?"

"Hakika kabisa. Halafu nimefanya kitu nzuri. Kuna mama mmoja alikuwa amesimama kwa mvua, nikamtafutia kiti nikamweka mbele kabisa, chini ya turubai. Mama mzuri sana, bana. Anapenda litungu. Ananiambia babake alikuwa anacheza, ati yeye amelala na hiyo sauti tangu mtoto. Ameniuliza mnatoka wapi, nikamwambia Kitale, akasema mtoto yake ameolewa huko."

Nikamshika shati. "Kamau. Amevaa nini?"

"Koti. Uliniambia leso."

Tayari jina letu limeitwa. Nikachungulia. Ni yeye, amekaa kwa kiti kama chifu. Nikapanda hatua mbili, miguu ikakataa ya tatu. Nikageuka, nikaingia kwa behewa ya mizigo ilikuwa imesimama hapo, nikafunga mlango. Kamau anasema nilikaa humo dakika kumi. Mimi nakuambia nilifika Kampala nikarudi.

Mtu wa redio akaja akagonga behewa. "Niaje, mzee? Uko sawa? Hii ni mara ya pili."

"Niko sawa. Kesho kutwa nitacheza."

"Mimi Jumamosi nachagua mtu mwenye nimemwona akimaliza wimbo," akasema. "Sina shida na wewe, lakini siwezi kurekodi mgongo ya mtu anakimbia."

Kwa macho yangu nikaona kuku imekaa ndani ya litungu, imetulia, imevaa miwani nyeusi.

Jumatano ilikuwa siku ya kwaya, uwanja wa kanisa, sisi hatuchezi. Nenda hiyo siku, usikose. Kuna kwaya moja mtu wa sauti ya chini alishika noti moja akaishikilia mpaka padri akaenda akabatiza mtoto, akarudi, akamkuta bado. Lakini mimi sikuwa na raha. Senge akaketi karibu na mimi kwa nyasi.

"Wekesa baba, mama ya Nekesa alikuja kwangu asubuhi."

"Anasemaje?"

"Anasema ana miaka sabini, na tangu babake akufe hajasikia litungu ikichezwa vizuri. Anasema alingoja hii wiki kama vile unangoja mahindi mpya. Hakujua ni wewe unakuja. Lakini hawezi kukaa nyumbani wiki nzima kwa sababu ya mtu ya Nekesa. Atakuja siku zote."

"Na mimi je?"

"Mwenye anapisha ni mkwe mwenye ameoa. Hiyo unajua."

Nilijua. Nikang'oa nyasi mpaka kwaya zikaisha, Senge akanishika paji la uso kama nina homa.

Alhamisi tukawa kwa bustani ya hoteli moja. Hapo ni siku ya magitaa, viti vya plastiki, nyama choma, na ukifika kuchelewa utakalia kreti ya soda. Nikamwona mapema, kiti cha mbele, leso ya manjano imerudi. Nikamwambia Kamau, "Leo nacheza kutoka jikoni."

"Jikoni wapi?"

"Jikoni kwa hoteli. Dirisha iko wazi. Wewe simama nje na gitaa, mimi niko ndani. Haoni mimi, sioni yeye, muziki inapita."

Basi nikacheza katikati ya sufuria, mpishi ananiambia sogea nigeuze ugali. Tukamaliza wimbo mzima! Lakini watu wakaanza kupiga meza: "Mtoe! Mtoe tumwone!" Mtu wa redio akaingiza kichwa kwa dirisha, miwani yake ikaingia mvuke.

"Afadhali leo umemaliza. Lakini mzee, watu Jumamosi wanataka kuona mtu, si moshi. Na kuna kitu kwa hiyo sauti, sijui ni nini. Kuna mahali inaanguka."

"Ni sufuria," nikamwambia.

Akaenda. Halafu Kamau akaingia, anakuna shingo.

"Yule mama amenituma."

"Amesemaje?"

"Amesema, 'Mwambie mtu ya mtoto yangu kamba ya tatu inalia kama ndama imefungwa mbali na mamake.'"

Nilikasirika mpaka mpishi akatoa sufuria kwa moto, joto yangu inatosha. Ati mimi! Miaka ishirini nashika litungu! Nifunzwe na mama mkwe, na kwa mdomo ya Mkikuyu! Nikapiga kamba ya tatu mbele ya Kamau. "Hii ina nini?"

"Mimi naona ni sawa na gitaa yangu," Kamau akasema.

"Basi!"

Ijumaa ilikuwa kwa ukumbi wa mji, na watu wa Mlima Elgon walishuka na nyimbo zao. Hiyo siku beba sweta, kwa sababu wanashuka na baridi yao kwa gunia. Wana chombo kama litungu yetu, ndugu moja, mama tofauti. Mzee mmoja wao akaniita nyuma ya ukumbi kabla waanze, akaniambia, "Hebu tupige pamoja, nione Kitale mnafanyaje."

Tukaanza. Kamba ya kwanza tukapatana, ya pili tukapatana. Ya tatu, yake ikaenda, yangu ikabaki nyuma inalia. Kweli kabisa. Mbeee. Ndama.

Mzee akacheka. "Yako imelegea kidogo. Unapima na nini?"

"Na gitaa ya huyu."

Tukaangalia Kamau. Kamau akaangalia gitaa. Kumbe wiki nzima tulikuwa tunapima litungu na gitaa, na gitaa yenyewe ilipigwa na mvua ya Jumanne, mti umejikunja, ile kamba ya kupimia ya tatu imelegea. Na ile nguo ya kamba ya tatu pale juu ilikuwa imeoza, kila nikikaza inarudi nyuma polepole. Mama mzee amesikia hiyo kupitia ukuta, sufuria, na watu mia mbili wakitafuna mifupa.

Nikapasua mkia wa shati ya Kamau, kipande safi. "Wewe, shati yangu!" "Nyamaza, unasaidia." Nikazungusha kamba, nikakaza na sikio yangu mwenyewe, vile baba alinionyesha, si na gitaa. Nikapiga. Yule mzee wa Elgon akavua kofia.

Jioni hiyo, kabla jua liingie, nikamwomba Senge aende kwa mama ya Nekesa. Nikamwambia aseme maneno matatu tu: kamba nimekaza, asante, na kesho naomba nafasi. Senge akaenda kwa boda boda, akarudi na jibu. Nilimfanya arudie mara mbili.

"Amesema, 'Mimi nyumbani sibaki. Lakini mgongo ni yangu, naweza kuweka mahali napenda.'"

"Maana yake?"

"Kesho utaona. Lala."

Jumamosi, saa tisa, uwanja. Nikikuambia watu walikuwa wengi utasema ni mimi tena. Basi nitasema hivi: mbuzi ilipotea hapo asubuhi ikapatikana Jumatano. Nekesa hakuwepo, lakini nilihisi macho yake kutoka Kitale, na ya kuku pia.

Tukaitwa. Nikapanda macho chini. Kamau ananisukuma na shingo ya gitaa. Nikainua macho pole pole, kama mtu anachungulia kisima.

Alikuwa hapo. Mbele, katikati, kiti yake ya mti amebeba kutoka nyumbani. Lakini kiti imegeuzwa. Watu wote elfu na elfu wanaangalia jukwaa, yeye peke yake anaangalia watu. Mgongo kwangu, leso ya manjano imefunika kichwa, mikono kwa magoti. Vijana wenye anaangaliana nao wanauliza, "Shosh, mbona unatuangalia sisi?"

Nikaanza kucheza, lakini nimekauka. Mikono inafanya kazi, mabega yamekataa. Kwa sababu hata mgongo ya mama mkwe ni mama mkwe. Nikamaliza sehemu ya kwanza kama mtu amefungwa ubao. Nikaona mtu wa redio ameweka kalamu chini.

Halafu nikafika kwa kamba ya tatu, pale inalia peke yake. Ikalia safi. Na nikaona, hapo mbele yangu, chini ya leso ya manjano, bega moja imepanda. Ikashuka. Ya pili ikapanda. Miaka sabini, ameketi, hageuki, lakini mabega yanaongea. Kamabeka! Mama mkwe wangu anacheza kamabeka, na ananichezea mimi kwa mgongo, mahali hakuna haya, kwa sababu mimi sioni uso yake na yeye haoni yangu.

Bana, nini ilitoka kwangu siwezi kusema. Mabega yangu yalifunguka mpaka vifungo vya shati vikaenda, kimoja kiligonga miwani ya mtu wa redio. Kamau akaimba Kibukusu na kiazi kikapoa, kila neno likatoka wazi. Wale vijana wakaona mabega ya mama, wakaanza, ikashika mstari wa pili, wa tatu, uwanja mzima. Tulimaliza wimbo. Tukaurudia. Tukaumaliza tena.

Nilipoinua kichwa kiti haikuwa hapo. Alibeba akaenda, ndio tusikutane kwa geti.

Mtu wa redio akapanda jukwaa. "Kitale," akasema kwa spika. Hilo tu, na sijui alisema nini tena, kwa sababu Kamau alikuwa amenibeba juu, na mimi na litungu ni kilo nyingi, tukaanguka sote.

Jumapili tukarudi na ile lori, tupu, tukiruka ndani kama maharagwe kwa debe. Nekesa alikuwa kwa mlango, mikono kiunoni. Nikamwambia, "Peleka hiyo nyasi mahali ingine." Akacheka mpaka akakaa chini. Kuku haijanisamehe mpaka leo.

Mwisho wa mvua, kaseti ikatoka. Ya kwanza kabisa Nekesa akampelekea mamake Bungoma. Nikakaa siku mbili sili, nangoja. Akarudi, akafungua leso yake pole pole, ananitesa.

"Sema!"

"Anasikiza kila siku baada ya chai. Anasema ya tatu sasa iko sawa. Ya tano uiangalie."

Nilijifunza hiyo wiki kukaza kamba na sikio yangu, na kuangalia nani amenigeuzia mgongo na kwa nini. Nikamwambia Nekesa, sasa afadhali, mamake yuko nyumbani kwake, mimi niko kwangu, hakuna mkwe wa kupisha, si anakaa raha akisikiza?

"Anakaa," Nekesa akasema. "Lakini amegeuzia redio mgongo."